Kwii Kwii ya Gurudumu la Mbele: Maswali Kwanza, Spana Baadaye

Oya wana, kama unasukuma mchuma wowote kati ya Tabora na Kaliua, hii kelele unaijua. Umetoka stendi ya Urambo, vichwa umeshajaza, lami imenyooka, halafu upande wa mbele inaanza: kwii, kwii, kwii. Ukikanyaga mafuta inakimbia. Ukiachia inapoa. Abiria wa siti ya mbele anakuangalia usoni, na mkono wako unaenda kwenye redio kuongeza sauti.

Mwanangu, usiongeze. Zima kabisa.

Nina jambo moja tu leo, na nalisema kutoka moyoni: kelele ya gurudumu inaanza kutibiwa kwa maswali, spea inakuja mwisho. Masela wengi wanapigwa kwa sababu wanaanzia mwisho. Mtu anasikia kwii, anaingiza gari gereji, fundi hajainama wala hajashika tairi, anasema, "Beringi hiyo, broo." Mpunga unatoka, beringi inafungwa, jamaa anaondoka. Kabla hajafika Ussoke kwii imerudi ileile. Anageuza. Sasa anaambiwa, "Basi itakuwa boljointi." Mpunga unatoka tena. Hesabu ya bosi ya wiki nzima imeishia kwenye spea ambazo hazikuwa na ugomvi na mtu, na gari bado inalia.

Hilo ndilo nataka lifike mwisho kitaani kwetu.

Huku kubahatisha ni ghali

Mtu wa Dar akinunua spea isiyohusika, jioni ileile anarudi Kariakoo kubembeleza abadilishiwe. Sisi kutoka Urambo mpaka Tabora mjini ni kama kilomita 90. Spea ikikosekana Tabora inaagizwa mbali, inapandishwa basi, unaisubiri. Siku ambayo gari imelala ni siku ambayo hesabu haijaenda: suka hana kazi, konda hana kazi, na mama mwenye magunia yake pale barabarani anatafuta mchomoko mwingine. Kwa hiyo huku kwetu, mtu anayejua kelele inatoka wapi kabla ya kuagiza kitu ana mtaji mkononi.

Halafu angalia mazingira yenyewe. Lami imetusaidia kinoma, lakini riziki haiishii kwenye lami. Msimu wa soko la tumbaku ukifika, magari yanaingia ndani kwenye AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima: Vumilia, Songambele, Uyumbu na kwingineko. Huko ni mchanga, changarawe na visiki. Kiangazi, kuanzia Juni mpaka Oktoba, vumbi linaingia popote penye upenyo. Mvua zikianza Novemba mpaka kama Aprili, unavuka madimbwi mpaka maji yanagusa ringi. Gurudumu la mbele lina mipira midogo ya kukinga grisi, na mpira mmoja ukichanika kidogo tu, mchanga unaingia. Grisi iliyochanganyika na mchanga hailainishi tena, inasaga chuma. Ndiyo maana IST au Probox iliyotulia vizuri bandarini inaanza kulia ikikaa huku misimu kadhaa. Gari haina mkosi. Njia inadai uangalizi.

Maswali manne ya barabarani

Amka mapema, kabla baiskeli na bodaboda hazijajaa. Tafuta kipande kilichonyooka. Mchukue mshkaji mmoja mwenye masikio mazuri, shusheni vioo vyote, zimeni feni na redio. Tembea spidi 20 mpaka 40, taratibu. Kama kuna ukuta mrefu pembeni, pita karibu nao, kwanza upande wa kushoto, kisha geuza upite nao kulia. Sauti inagonga ukuta na kurudi dirishani, unajua mara moja ni upande gani unaolia.

Sasa uliza.

Swali la kwanza: kelele inafuata gurudumu au injini? Ukiwa umenyooka na hakuna mtu mbele, weka nyutro, injini ikiwa inawaka, uache mchuma uteleze. Usizime injini hata kidogo, breki itakuwa ngumu na usukani utakuwa mzito. Kama kwii inaendelea na inapungua kadiri gari inavyopunguza mwendo, iko kwenye gurudumu. Kama inapanda na kushuka na mngurumo wa injini hata ukiwa umesimama, fungua boneti uangalie mkanda. Umeshaokoa beringi mbili hapo.

Swali la pili: ukigusa breki kidogo, inabadilika? Gusa tu, usikanyage. Kelele ikikata, ikizidi au ikibadilika sauti, mshukiwa ni breki.

Swali la tatu: kwenye kona inakuwaje? Yumba taratibu kushoto, halafu kulia. Ukikata kushoto, uzito wa gari unaegemea magurudumu ya kulia. Ukikata kulia, unaegemea kushoto. Mlio wa kuvuma unaozidi upande unaobeba uzito ni beringi ya upande huo inayoomba kupumzishwa.

Swali la nne: inalia kwa mzunguko au inalia kwa mashimo? Kama gari ikienda kwenye lami laini iko kimya, halafu kila tuta inasema kwii, achana na pedi na beringi. Hapo tafuta bushi, shokapu au boljointi.

Maswali hayo hayakuli hata jero. Ukimaliza kuyajibu, washukiwa kumi wamebaki wawili.

Washukiwa, kuanzia wa bei ya bure

Anza na kifuniko cha plastiki cha ringi. Vibano vyake vikilegea kinasuguana na ringi kila gurudumu linapozunguka, na kelele yake inamtisha mtu kuliko inavyostahili. Kitoe, kiweke kwenye buti, tembea tena. Ikitulia, umemaliza, rudi kazini.

Wa pili ni kokoto. Nyuma ya diski kuna bati jembamba la kuzuia vumbi na maji. Ukitoka Vumilia kwenye changarawe, kijiwe kinaweza kujipenyeza kati ya bati na diski, kikakwaruza bila kupumzika mpaka roho ikuruke. Wakati mwingine ukirudi nyuma mita chache kinadondoka chenyewe. Kikigoma, vua tairi, kichokoe na bisibisi, na lile bati kama limepinda likaigusa diski, lisogeze kwa mkono. Watu wamebadilishiwa beringi nzima kwa sababu ya kokoto, na hiyo inaniuma kweli.

Wa tatu ni pedi za breki, na hapa kuna siri inayofaa kila suka aijue: ile kwii mara nyingi imewekwa makusudi na kiwanda. Pedi mpya ina unene wa kama milimita 10 hivi. Pembeni ya pedi nyingi kuna ulimi mdogo wa chuma. Pedi ikiliwa ikabaki milimita 2 au 3, ulimi unagusa diski na kutoa mlio mwembamba unaokata masikio. Unaitwa wakati breki bado unazo. Tabia yake kubwa: gari ikitembea inalia, ukigusa breki inakata au inabadilika. Ukiisikia hiyo, agiza pedi wiki hiyohiyo, upunguze mbio na mzigo. Ukiikaushia, pedi inaisha kabisa, chuma kinakutana na chuma, na kwii inageuka ngrrrr. Hapo umetoka kwenye bei ya pedi umeingia kwenye bei ya diski. Kumbuka breki za mbele ndizo zinazobeba zaidi ya nusu ya kazi ya kusimamisha gari, na wewe umebeba watoto wa watu.

Kelele hii imezaliwa pamoja na breki zenyewe. Mwingereza Frederick Lanchester alipata hataza ya breki ya diski mwaka 1902, na pedi zake za shaba zilikuwa zinapiga mayowe kila zikishika diski. Mwaka 1907 Mwingereza mwenzake, Herbert Frood, akazivika pedi asbesto na mayowe yakatulia. Miaka mingi baadaye dunia ikathibitisha kwamba vumbi la asbesto linaharibu mapafu na kuleta saratani, nchi nyingi zikalipiga marufuku. Kwa hiyo nakuomba, spana boi mwenzangu, usipulize vumbi la breki kwa mdomo, wala usiliwashie kompresa likurudie usoni. Hujui pedi feki imechanganywa na nini. Lowesha na maji, futa na kitambaa, osha mikono kabla ya kula.

Pedi inaweza kulia hata ikiwa nene. Uso wake ukiungua kwa kushikilia breki muda mrefu unang'aa na kuwa mgumu, unapiga kelele bila kushika vizuri. Diski ikilala usiku wa mvua, asubuhi inakuwa na kutu nyepesi, inakwaruza mara chache za mwanzo kisha inanyamaza. Hiyo ya kutu haina noma. Noma ni kanjanja anayepaka grisi au oili kwenye uso wa pedi ili kelele ife. Ukimwona anafanya hivyo, chukua gari yako. Ameua kelele, na breki ameiua pamoja nayo.

Wa nne ni pini za kalipa. Kalipa inatakiwa iteleze kwenye pini zake ili pedi zote mbili zishike sawa na kuachia sawa. Pini zikikauka au zikiingia vumbi, kalipa inakwama, pedi moja inabaki imebana diski muda wote. Dalili zake ziko wazi: pedi ya ndani imeisha na ya nje bado nene, gari inavuta upande mmoja, na ringi moja ni ya moto kuliko mwenzake. Ukishuka baada ya safari, sogeza mgongo wa mkono karibu na kila ringi bila kuigusa. Joto litakujibu. Pini zinasafishwa na kupakwa grisi maalumu ya breki inayostahimili joto. Grisi ya kawaida inavimbisha mipira yake na tatizo linarudi kubwa zaidi.

Wa tano ni beringi. Hii mara nyingi haisemi kwii, inavuma, vuuuu, kama trekta linalolima shamba la mbali, na inazidi kadiri spidi inavyopanda. Ikikauka kabisa ndipo inapoanza kulia na kusaga. Beringi inayovuma leo haifi leo, lakini ukiiacha inaanza kucheza, gurudumu linalegea, na mwisho wake barabarani sitaki ukufike.

Wa sita ni familia ya mpira na viungo: bushi za mkono wa chini, linki za stabilaiza, maunti ya juu ya shokapu, boljointi. Hawa wanalia kwenye matuta, ukikata usukani, au ukiweka mikono kwenye kona ya boneti na kuibonyeza gari juu chini. Bushi kavu ina jaribio rahisi: imwagie maji safi kidogo, bonyeza tena. Ikinyamaza kwa muda, umempata. Usiipake oili ya injini, oili inakula mpira. Boljointi nayo ikikauka inalia ukizungusha usukani gari ikiwa imesimama. Hii usiifanyie masihara. Ikichomoka, gurudumu linalala chini ya gari, na hakuna fundi wala dereva bingwa wa kuirudisha ukiwa spidi 80.

Wa mwisho ni draivu shafti, hasa kwa hizi gari ndogo zinazovutwa na magurudumu ya mbele. Yeye anasema tk-tk-tk ukikata kona hadi mwisho na kukanyaga mafuta. Inama uangalie ule mpira wenye mikunjo: ukiona umechanika na grisi imerukia ndani ya ringi, umeshajua. Mpira ukiwahiwa, shafti inapona.

Jeki ikishapanda

Sasa tunashika vyuma, na hapa ustaarabu ni uhai. Paki sehemu ngumu na tambarare. Kwenye mchanga weka ubao mnene chini ya jeki. Vuta hendibreki, kinga magurudumu ya nyuma na mawe, legeza nati kidogo kabla tairi haijanyanyuka. Ikishapanda, weka stendi au gogo la kuaminika. Tairi ukilivua, lilaze chini ya ubavu wa gari. Usiingize hata bega chini ya gari inayoshikiliwa na jeki peke yake. Nasema hivi kwa kila dogo anayejifunza gereji: mwili wako hauna spea Tabora wala Kariakoo.

Zungusha gurudumu kwa mkono, gia ikiwa nyutro. Mkono mwingine shika springi ya shokapu. Beringi iliyochoka inatetemesha springi mpaka unaisikia kwenye vidole.

Shika tairi juu kabisa na chini kabisa, lisukume na kulivuta. Likicheza, mwambie mshkaji akanyage breki, rudia. Mchezo ukiisha breki ikiwa imekanyagwa, ni beringi. Ukibaki palepale, elekeza tochi kwenye boljointi. Kisha shika kushoto na kulia, sukuma vilevile. Kama hapa ndipo linapocheza na juu chini lilikuwa fresh, mshukiwa ni tairodi endi.

Halafu vua tairi utazame: pedi ya ndani na ya nje, uso wa diski, mipira yote. Piga picha kwa simu. Picha hizo utamwonyesha fundi na muuza spea, na hakuna atakayekuuzia hewa.

Ukirudisha nati, kaza kwa kuvuka, moja kisha ya upande wa pili, usizunguke mfululizo. Kwa Toyota nyingi ndogo kipimo ni nyutoni mita 103, na gereji yenye spana ya kupimia itakukazia sawasawa. Baada ya kilomita 50 hivi, simama uzikague tena.

Kuna dalili ambazo hazina mjadala: ngrrrr ya chuma kwa chuma, kugonga kunakozidi, usukani kutetemeka ghafla, harufu ya kuungua, pedali ya breki kuzama. Hapo hakuna "nifike kwanza". Shusha abiria, warudishie nauli ya kipande kilichobaki, ita msaada.

Udongo huu umeshawatoa jasho wakubwa

Wana, hii njia na magurudumu wana stori ndefu. Enzi za misafara, wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe na vitambaa mabegani, kilo 30 na ushee kila mmoja, kati ya huku na pwani. Gurudumu halikuwa na nafasi, kwa sababu ndorobo walikuwa wanamaliza wanyama wa kukokota. Mwaka 1877 wamisionari wa London Missionary Society walijaribu kubadilisha mchezo, wakatoka pwani na mikokoteni ya ng'ombe wakilenga Ujiji. Ng'ombe wakafa njiani, mikokoteni ikaachwa, mzigo ukarudi mabegani. Wakati huo huku kwetu alikuwa Mtemi Mirambo, mwamba aliyeifunga njia ya Tabora kwenda Ujiji mwaka 1871 mpaka wafanyabiashara wakubwa wakakosa pa kupita. Yeye aliijua nchi yake mti kwa mti, na hiyo ndiyo ilikuwa silaha yake.

Reli ya kati ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Halafu mwaka 1947 likaja dili la karanga. Serikali ya Uingereza ilitaka kulima zaidi ya ekari milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika, na sehemu zilizochaguliwa Tanganyika ni Kongwa, Nachingwea na hapa Urambo. Yakaletwa matrekta, mengi mitumba iliyobaki vitani, mpaka vifaru vya Sherman vikageuzwa kuwa matrekta. Kongwa ilikuwa ya kwanza kuonja: mizizi, udongo mgumu, vumbi, spea hakuna, waendeshaji wamefundishwa juujuu. Mwaka 1947 haujaisha, mashine nyingi zilikuwa zimelala. Januari 1951 mradi ukafutwa, na pauni zipatazo milioni 36 zikawa zimeyeyuka. Urambo ikabaki na mashamba yaliyofyekwa, ikaingia tumbaku, na tumbaku ndiyo inayojaza mafuta kwenye michuma yetu mpaka sasa.

Mimi hapo nachukua somo moja. Wale jamaa walikuwa na pesa ya serikali nzima, mashine kwa mamia na wataalamu wa kila aina. Walichoruka ni kuuliza: udongo huu ukoje, mashine hii inaharibikia wapi, nani ataitengeneza na kwa spea ipi. Kama pauni milioni 36 hazikuweza kununua majibu ya maswali yaliyorukwa, hesabu yako ya wiki haitaweza.

Unaingiaje gereji

Fundi mzee mpe heshima yake. "Shikamoo fundi", au "Mwangaluka baba", kisha eleza shida. Usiingie na hukumu mdomoni, "nibadilishie beringi". Ingia na majibu yako manne: "Inalia mbele kushoto, inaanzia spidi 30, nikigusa breki inakata, kwenye kona haibadiliki, kwenye matuta hamna kitu." Sentensi hiyo moja inamwambia fundi mzuri aangalie pedi na kalipa, na inamwambia kanjanja kwamba leo amekutana na mtu aliyejiongeza.

Ukikubaliana naye, kuna mambo manne ya kusimamia bila kugombana. Omba uonyeshwe ubovu kabla kitu hakijafunguliwa. Omba spea ya zamani ukae nayo, uilinganishe na mpya. Pedi zibadilishwe pande zote mbili za mbele kwa pamoja, la sivyo gari itavuta upande. Na beringi iingizwe kwa presi. Gari nyingi ndogo zina beringi ya kubanwa ndani ya kiti chake, na ikigongwa kwa nyundo mpaka ikae, njia zake za ndani zinaumia kabla haijatembea hata mita moja. Fundi asiye na presi hana kosa, lakini mwenye roho safi atakwambia, "Dogo, peleka hii kwa fulani akaibane, uniletee nimalizie." Huyo mshike.

Na nyie mliopo upande wa spana, madogo na wadada mnaoshinda na grisi mpaka viwiko: mna kazi kubwa kuliko watu wanavyoipa jina. Mnashika vitu vinavyobeba roho za watu. VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia kazini, hata kama hukukaa darasani, na Tabora kuna chuo chao. Nenda ukaulize. Cheti hakikuongezei mkono, lakini kinakufungulia kazi za kampuni, za halmashauri, za miradi, na kinakupa sababu ya kudai bei ya haki.

Bei ya haki ndiyo sehemu yetu sisi tunaoendesha. Tumezoea kumlipa fundi kwa kuhesabu spea alizofunga. Asiyefunga kitu tunamrushia buku tukiona tumemsaidia. Kwa mtindo huo tunawafundisha wenyewe kubadilisha vitu visivyoharibika, maana kupata ukweli hakuna malipo, ila kufunga beringi kuna malipo. Tugeuze. Tulipe uchunguzi. Mtu akitumia nusu saa kusikiliza, kupanda gari na wewe, kunyanyua jeki, halafu akachomoa kokoto moja na kukwambia gari yako haina shida, amekuokolea spea, safari ya Tabora na siku mbili za kulaza mchuma.

Kwa hiyo siku ukimkuta dogo pale gereji anayekuuliza "inalia lini, ukigusa breki inakuwaje" kabla hajagusa nati hata moja, mpe funguo. Akimaliza mlipe yote, usimwombe punguzo, na wana wote wa stendi uwatajie jina lake.